MWALIMU AKISOMEA MTAALA, DARASA LINAPATA NINI?



Sisi tunaowaandikia ukurasa huu tuliishia darasa la saba. Tunalitaja jambo hilo mapema ili asitokee mtu wa kudhani kwamba tumekuja kumfundisha mwalimu kazi yake. Shule yetu imekuwa chama. Tumekusanya michango ya wanachama, tumesimama langoni mvua ikinyesha, tumekaa mezani na waajiri mpaka usiku wa manane. Chuo Kikuu tumekiona kwa nje tu, tukipita na basi. Hata hivyo watoto wetu wako mikononi mwa walimu, na mwalimu ni mfanyakazi kama alivyo mkata miwa na dereva wa trekta. Leo tunazungumzia masomo ya juu ya walimu, hasa yale ya mtaala na ufundishaji, kwa sababu tuliulizwa swali mbele za watu na tukashindwa kulijibu.

Ilikuwa hivi. Tulialikwa kwenye mkutano wa wazazi na walimu katika shule moja ya sekondari hapa Uganda, ambayo wanafunzi wake wengi ni watoto wa wafanyakazi wa mashamba. Ajenda zilikuwa mbili tu, vyoo na posho ya chakula cha mchana. Mzee mmoja, mkata miwa, akasimama akauliza jambo ambalo halikuwamo. Alisema, "Zamani mtoto alirudi nyumbani na daftari lililojaa. Siku hizi anarudi na maboksi na gundi, anasema ni mradi wa shule. Tunalipia nini?"

Walimu wakatazamana. Kisha akasimama mwalimu mmoja mwanamke, anayefundisha Kiswahili. Akasema, "Mzee wangu, swali lako ni zuri, na mimi mwenyewe nimelipa fedha ili nilijue jibu lake." Akaeleza kwamba mtaala mpya ulipoletwa, yeye na wenzake walipewa semina ya siku chache tu. Alipoona hazikutosha akajiandikisha chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili katika mtaala na ufundishaji. Husoma siku za mwisho wa juma na wakati wa likizo. Ada anailipa kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na mkopo huo unakatwa katika mshahara wake kila mwezi.

Halafu akatugeukia sisi wa chama. "Ndugu zangu, nikimaliza nitapata nini? Nimekwisha kuambiwa kwamba nikipata cheti hicho nitafute kazi ya ofisini, kwa kuwa hapa shuleni hakuna ngazi ya mshahara ya mwalimu wa namna yangu. Sikusoma ili niondoke darasani. Nimesoma ili nibaki."

Ndugu, tulinyamaza. Makala haya ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

MTAALA NI KITU GANI?

Wengi wetu tulidhani mtaala ni orodha ya mada, yaani juma la kwanza fundisha hiki, juma la pili fundisha kile. Orodha hiyo ni muhtasari wa somo, nao ni sehemu tu ya mtaala. Mtaala ni mpango mzima wa yale mtoto atakayoyapata shuleni: anafundishwa nini, kwa nini, kwa njia gani, kwa vitabu gani, na tutajuaje kwamba ameelewa.

Mwaka 1949 mwalimu wa chuo kikuu cha Chicago, Ralph Tyler, alitoa kitabu chembamba ambacho kilisomwa na wanafunzi wa elimu duniani kote. Alisema anayetengeneza mtaala sharti ajibu maswali manne. Shule inakusudia nini? Mtoto apitishwe katika mambo gani ili kusudi hilo lifikiwe? Mambo hayo yapangwe kwa utaratibu gani? Na tutapimaje kama kusudi limefikiwa?

Mtu wa shamba hayaoni maswali hayo kuwa mageni. Kabla ya kulima unajiuliza unataka zao gani, utapanda mbegu ipi, utaanza na kazi gani na kumalizia na ipi, na mwisho unapeleka mazao kwenye mizani. Tofauti ni kwamba mtoto si muhindi. Ukikosea msimu huu, huwezi kumpanda tena mwaka ujao.

Mwalimu anayesomea uzamili katika fani hii hujifunza jinsi mitaala ilivyotungwa tangu zamani, jinsi mtoto anavyoelewa na anavyosahau, jinsi ya kutunga mtihani unaopima akili badala ya kukariri, na jinsi ya kufanya uchunguzi ndani ya darasa lake. Mwisho huandika tasnifu, yaani hushika tatizo moja, hulichunguza mpaka mizizi, kisha husimama mbele ya wakubwa wa chuo kuitetea kazi yake. Wa udaktari hufanya hayo kwa miaka mingi zaidi na kwa kina zaidi. Fani yenyewe si ya jana. Chuo cha walimu cha New York kiitwacho Teachers College kilifungua idara yake ya mtaala na ufundishaji mwaka 1938.

MITAALA ILIYOTEREMKA KUTOKA JUU

Hapa Uganda mitaala imetujia kwa awamu, na mara nyingi imeteremka kutoka juu kama mvua. Mwaka 1961 Marekani na Uingereza zilianza mpango wa kuleta walimu katika nchi za Afrika Mashariki, kwa kuwa shule za sekondari zilikuwa zinaongezeka na walimu wenye shahada walikuwa wachache mno. Chuo hicho cha New York tulichokitaja ndicho kilichosimamia upande wa Wamarekani, na wengi wao walipitia Makerere.

Mwaka 1962 wataalamu wa hisabati kutoka ng'ambo walikutana na wenzao wa Afrika pale Entebbe, wakaandika vitabu vya hisabati ya kisasa. Vitabu hivyo vikaitwa hisabati ya Entebbe, vikajaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika. Waandishi walikuwa watu wenye elimu kubwa, na hatuna sababu ya kuitilia shaka nia yao. Lakini walimu wengi wa madarasani walitakiwa kufundisha mambo ambayo wao wenyewe hawakufundishwa, na wazazi walishindwa kuwasaidia watoto hata hesabu ndogo. Majirani zetu wa Kenya waliiacha hisabati hiyo ya kisasa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 1973 nchi yetu ilianzisha Kituo cha Taifa cha Ukuzaji wa Mitaala. Hiyo ilikuwa hatua nzuri, maana kazi ilianza kufanywa na wenyeji. Mwaka 1997 serikali ikafungua elimu ya msingi kwa wote, na wanafunzi wakaongezeka kutoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano katika mwaka mmoja. Mwaka 2007 ukaja mtaala wa madarasa matatu ya chini, unaotaka mtoto aanze kusoma kwa lugha ya kwao. Kisha Februari 2020 ukaanza mtaala mpya wa sekondari ya chini, ule wa maboksi na gundi aliouulizia mzee wetu.

Mtaala huo unataka mtoto afanye, aulize, atengeneze, asikae tu kunakili ubaoni. Kazi zake za shuleni zinahesabiwa asilimia 20 ya alama, na mtihani wa taifa asilimia 80. Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Wazo ni jema. Lakini mwezi mmoja baadaye, Machi 2020, shule zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani mwaka 2024.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu ndiye anayelala kwenye kitanda cha mtaala. Yeye ndiye anayejua kwamba mradi unaohitaji watoto watano unafanywa na watoto ishirini kwa sababu vifaa havitoshi. Ndiye anayejua kwamba kazi za asilimia 20 zinasahihishwa usiku, kwa taa ya nyumbani, bila malipo ya ziada. Akipata elimu ya mtaala anaweza kulalamika, na vilevile anaweza kuonyesha kwa ushahidi mahali palipoharibika na namna ya kupatengeneza. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya masomo haya.

MFANO WA DENVER

Kuna waajiri watakaosema kwamba kazi ya mwalimu ni kufundisha, na mtaala aachiwe mtaalamu. Hao tuwape mfano wa mji wa Denver huko Marekani.

Mwaka 1920 mji huo ulipata mkuu mpya wa shule, jina lake Jesse Newlon. Alikuwa na imani kwamba mtaala usioandikwa na walimu hautafundishwa ipasavyo na walimu. Aliishawishi bodi ya shule itoe fedha, si za kununua mtaala uliokwisha kutungwa mahali pengine, bali za kuwatoa walimu darasani kwa muda. Walimu wakakaa katika kamati za masomo yao wakaandika, na huku nyuma walimu wa badala wakalipwa kushika madarasa yao. Maprofesa waliitwa kuja kutoa ushauri. Walikuja kwa walimu, wala walimu hawakutumwa kuwasubiri. Miji mingine ya Marekani ikafuata mfano huo.

Wanachama watazame neno moja hapo: wakalipwa. Newlon hakuwaambia walimu waandike mtaala usiku kwa moyo wa kujitolea. Aliuhesabu muda wao kuwa kazi. Katika miaka hiyohiyo mji wa Denver ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuweka ngazi moja ya mshahara kwa walimu wote, kufuatana na elimu na miaka ya kazi. Kabla ya hapo mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, alilipwa chini ya yule wa sekondari hata kama elimu yao ilikuwa sawa.

Uingereza nako alikuwako Lawrence Stenhouse, ambaye mwaka 1975 aliandika kwamba mwalimu mwenyewe awe mchunguzi wa darasa lake. Kwake yeye mtaala ni jambo la kujaribiwa na mwalimu, si amri ya kutekelezwa. Sisi wa viwandani tunalielewa hilo. Fundi wa mashine huijua sauti yake kuliko aliyeichora.

MSHAHARA NA KARATASI

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo swali la yule mwalimu linapouma.

Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu, kuanzia chekechea hadi sekondari, awe na shahada. Maelfu ya walimu wamerudi vyuoni, wengi kwa fedha zao wenyewe. Kisha mwaka 2022 mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni nne kwa mwezi. Wenzao wa sanaa, wenye shahada ileile na miaka ileile darasani, walibaki kwenye kama milioni moja, na mwalimu wa shule ya msingi kwenye kama nusu milioni. Mwezi wa Juni mwaka huo walimu waligoma. Mwaka 2025 wale wa sanaa waligoma tena. Mwalimu wa Kiswahili anahesabiwa upande huo wa sanaa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali lugha yetu ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, lakini anayetakiwa kuifundisha aliachwa nyuma katika mshahara.

Lakini chama kinachowaambia wanachama nusu ya ukweli kinajiletea aibu mezani, kwa hiyo tuseme na hili. Mwajiri anaweza kutujibu kwamba uchunguzi mwingi uliofanywa Marekani umeonyesha kuwa shahada ya uzamili peke yake haiongezi sana alama za watoto. Ni kweli umeonyesha hivyo. Kule ambako mshahara hupanda kwa karatasi tu, wako walimu waliotafuta karatasi nyepesi, na wako wenye vyuo waliowauzia. Tukidai nyongeza kwa ajili ya cheti peke yake tutashindwa, na tutakuwa tumestahili kushindwa.

Jibu letu ni kwamba masomo yaliyotengwa na darasa hayawezi kulisaidia darasa. Mwalimu akisoma mbali na wanafunzi wake, akaandika tasnifu juu ya jambo lisilowahusu, kisha akahamishiwa ofisini, watoto watapataje faida? Kosa hapo si la elimu. Ni la mpango.

TUDAI NINI?

Mwaka 2008 ilipitishwa sheria inayowapa watumishi wa umma meza ya kujadiliana na serikali. Walimu wana chama chao, nasi hatutaki kusema kwa niaba yao. Lakini wazazi ni wanachama wetu, na vyama ni ndugu. Tunapendekeza mambo matano yaungwe mkono na matawi yetu yote.

Kwanza, likizo ya masomo iwe ya mshahara kamili, na itolewe kwa zamu inayojulikana, isiwe zawadi ya mkuu kwa anayempenda. Wakati mwalimu yuko chuoni, awekwe mwalimu wa badala. Bila hivyo mzigo unawaangukia wenzake, nao watamchukia msomi badala ya kumshukuru.

Pili, mwajiri achangie ada. Mwalimu naye aahidi kwa maandishi kurudi kufundisha kwa miaka fulani. Hilo ni haki kwa pande zote mbili.

Tatu, iwekwe ngazi ya mshahara ya mwalimu bingwa anayebaki darasani. Siku hizi mara nyingi mwalimu hodari hapandi cheo ila kwa kuacha chaki. Hakuna kiwanda kinachomchukua fundi wake bora kila mwaka na kumfanya karani, kisha kikashangaa mashine zinapokufa.

Nne, tasnifu ishike tatizo la shule anayofundisha mwalimu, na nakala yake ibaki shuleni. Asomewe pia mzazi, kwa lugha anayoielewa.

Tano, kamati zinazotunga mitaala ziwe na walimu waliochaguliwa na walimu wenzao. Walipwe kwa muda wao, kama wale wa Denver.

Najua yuko mwanachama anayesema moyoni, "Mimi sina buti za kazini, na ninyi mnahangaika na shahada za walimu." Ndugu, buti tunazidai na tutaendelea kuzidai. Lakini fikiri. Mwajiri wako anampeleka mtoto wake shule ya kulipia yenye darasa dogo na vitabu tele. Mtaala ukiharibika, yeye ana pa kukimbilia. Wako wewe hana.

KIPANDE, MIZANI NA MNYAPARA

Baada ya mkutano ule tulibaki na yule mwalimu chini ya mwembe, tukamwuliza tasnifu yake ni ya nini. Akatuambia kwamba watoto wa kambi za wafanyakazi huingia kidato cha kwanza wakijua Kiswahili zaidi ya wenzao wa mjini, kwa kuwa kambini makabila ni mengi na lugha ya kazi ndiyo inayowaunganisha. Lakini wanaona haya kukisema. Wameambiwa kwamba ni Kiswahili kibovu, lugha ya askari na vibarua. Kitabu kinaanza na mazungumzo ya hotelini na ya uwanja wa ndege, mahali ambapo mtoto hajawahi kufika, naye ananyamaza kama asiyejua kitu. Mwalimu anachunguza kama watoto hao wataongea na kuandika vizuri zaidi somo likianza na yale wanayoyajua, halafu likawapeleka kwenye Kiswahili sanifu.

Akatuomba msaada. Alitaka maneno ya kazi. Tulikaa naye zaidi ya saa nzima, tukamtajia kipande, mizani, mnyapara, zamu, posho, kibarua, lundo, msimu. Mzee aliyeuliza habari ya maboksi akaja naye akakaa, akamweleza jinsi miwa inavyokatwa, inavyofungwa, inavyopimwa, na jinsi karani anavyoweza kumpunja mtu asiyejua kusoma mizani. Mwalimu akaandika yote. Akasema hilo la mizani litakuwa somo la kwanza.

Tulimtazama yule mzee. Hakuuliza tena tunalipia nini.

Mwalimu, hilo ndilo jibu tulilo nalo. Hatuwezi kukuahidi ngazi ya mshahara ambayo bado haipo. Tunaweza kukuahidi kwamba swali lako limeandikwa katika ajenda, na kwamba halitafutwa. Makatibu wa matawi wawasomee wanachama makala haya, wajadiliane juu ya mambo yale matano, na walete maoni yao kwa maandishi ofisini. Tawi lisilo na mwandishi limtafute mwalimu wa karibu. Tunaamini hatakataa.

Umoja ni nguvu.